Seva Ikiuliza, Nani Ajibu? Kuongeza Nywila ya Maswali na Majibu kwenye Viunganishi vya SSH

Kuna swali linalonifikia kila mara kutoka kwa wanaoandika skripti za kusimamia seva: "Nikiandika ssh kwenye terminali naingia kwa nywila yangu bila shida. Skripti yangu ya Python, kwa jina lile lile na nywila ile ile, inakataliwa. Nimekosea wapi?"

Mara nyingi nywila haina kosa. Kasoro iko kwenye viunganishi, yaani ile safu nyembamba inayoiwezesha Python, Perl au Ruby kuita funksheni za maktaba ya C. Viunganishi hivyo vimefundishwa kupeleka nywila, havikufundishwa kuulizwa.

Makala hii ni kwa aliyeamua kuliziba pengo hilo mwenyewe. Mfano wangu ni libssh2, maktaba ya C ambayo hata curl inaweza kuitumia, na lugha ya skripti ni Python. Wa Perl na Ruby nao watapata lao, maana mitego ni ile ile.

## Kwanza hakikisha ugonjwa ndio huo

Usiguse msimbo kabla ya kuendesha amri hii:

```
ssh -v jina@seva
```

Tafuta mstari wenye maneno "Authentications that can continue". Ukisoma `publickey,password`, tatizo lako ni jingine na makala hii haitakusaidia. Ukisoma `publickey,keyboard-interactive` bila neno `password`, umefika penyewe.

Terminali huwachanganya watu kwa sababu njia zote mbili huonekana kuuliza nywila. Tazama kwa makini maneno ya swali lenyewe. Katika OpenSSH, swali la `jina@seva's password:` limetungwa na programu iliyo kwenye kompyuta yako. Swali la `Password:` tupu, ambalo katika matoleo ya karibuni hutanguliwa na `(jina@seva)`, limetoka kwenye seva. La kwanza ni njia ya nywila ya kawaida. La pili ni mazungumzo, yaani `keyboard-interactive`.

Upande wa seva kuna mipangilio miwili inayojitegemea: `PasswordAuthentication` na `KbdInteractiveAuthentication`. Hiyo ya pili zamani iliitwa `ChallengeResponseAuthentication`, na miongozo mingi bado inaiita hivyo. Msimamizi anaweza kufunga ya kwanza na kuacha ya pili wazi, hasa akitaka namba ya uthibitisho iulizwe baada ya nywila. Hapo skripti yako hubaki nje ya mlango.

## Seva inatuma nini hasa

Utaratibu wenyewe umeandikwa katika RFC 4256 ya Januari 2006. Hutahitaji kuisoma yote. Shika haya:

- Seva hutuma ujumbe namba 60 wenye kichwa, maelekezo, idadi ya maswali, kisha maswali yenyewe.
- Kila swali lina bendera inayosema kama herufi zionekane zinapoandikwa.
- Mteja hujibu kwa ujumbe namba 61. Idadi ya majibu lazima ilingane na idadi ya maswali.
- Seva inaweza kuuliza tena na tena kabla ya kukubali au kukataa.
- Idadi ya maswali inaweza kuwa sifuri, na hata hapo mteja lazima ajibu, kwa jibu lenye idadi sifuri.

Wengi huliruka hilo la mwisho wakidhani ni jambo la vitabuni. Seva ya OpenSSH inayotumia PAM, yaani mfumo wa moduli za uthibitishaji, hutuma raundi ya maswali sifuri mara kwa mara, baada tu ya nywila kukubaliwa. Endesha `ssh -vvv` kwenye seva ya namna hiyo uone mistari ya `num_prompts`. Viunganishi vinavyodhani kuna angalau swali moja huangukia hapo, wakati nywila ilikuwa sahihi kabisa.

## Anza na umbo atakaloliona mwandishi wa skripti

Usianze na C. Amua kwanza mtumiaji wako ataandika nini. Ushauri wangu ni kufuata umbo la Paramiko, maktaba ya SSH ya Python, kwa sababu wengi wameshalizoea: mtumiaji anatoa funksheni moja inayopokea kichwa, maelekezo na orodha ya maswali, nayo inarudisha orodha ya majibu.

```python
import getpass

def safisha(s):
    return "".join(h for h in s if h == "\n" or h.isprintable())

def uliza(kichwa, maelekezo, maswali):
    for maandishi in (kichwa, maelekezo):
        if maandishi:
            print(safisha(maandishi))
    majibu = []
    for swali, onyesha in maswali:
        swali = safisha(swali)
        if onyesha:
            majibu.append(input(swali))
        else:
            majibu.append(getpass.getpass(swali))
    return majibu
```

Orodha ya maswali ikiwa tupu, funksheni hii inarudisha orodha tupu, na raundi ya sifuri imepita salama bila mstari wa ziada.

Ile `safisha` si pambo. Maandishi ya maswali yanatoka kwa mtu mwingine, na seva yenye nia mbaya inaweza kupenyeza herufi za kudhibiti terminali: kufuta mistari, kubadili rangi, kuandika juu ya onyo ulilokwisha kulionyesha. RFC yenyewe inawashauri watengenezaji wa programu-teja wazichuje.

Utauliza: kwa nini nisipokee nywila tu kama hoja ya kawaida, mambo yaishe? Ipokee ukitaka, kama njia ya mkato iliyojengwa juu ya hii. Ukianza na mkato, siku seva itakapouliza swali la pili hutakuwa na pa kuliweka, na itabidi ubadili umbo ambalo watu wameshalitegemea.

## Upande wa C, ambako programu huanguka

Funksheni ya libssh2 inaitwa `libssh2_userauth_keyboard_interactive_ex`. Unaipa sesheni, jina la mtumiaji, urefu wa jina, na kolbaki. Maktaba ikipokea maswali inaita kolbaki yako, wewe unajaza majibu, yenyewe inayatuma. Kwa maelezo ni rahisi, ila kuna mambo sita ya kuangalia, na kila moja lina namna yake ya kuiangusha programu.

Memori ya majibu si yako ukishaikabidhi. Kila jibu ni pointa na urefu wake. Maktaba ikimaliza kutuma, inaachilia pointa hiyo yenyewe. Ukiwa umeweka pointa ya maandishi yanayomilikiwa na Python, memori moja itaachiliwa na wenyewe wawili, na programu itaanguka, pengine dakika kadhaa baadaye, mahali pasipohusiana kabisa na nywila. Nakili jibu kwenye memori iliyotengwa kwa `malloc`. Kama sesheni iliundwa kwa `libssh2_session_init_ex` ikiwa na funksheni zake za kutenga memori, tumia hizo hizo. Kwenye Windows kuwa mwangalifu zaidi: viunganishi na maktaba vikijengwa kwa maktaba tofauti za C, `malloc` ya mmoja haipatani na `free` ya mwenzake hata kama majina ni yale yale.

Soma kwa urefu. Kichwa, maelekezo na maswali huja na urefu wake. Usitegemee kukuta baiti ya sifuri mwishoni. Badilisha baiti kuwa maandishi kwa UTF-8, na panga mapema utafanya nini zikija baiti mbovu. Mimi huziweka alama ya kubadilisha badala ya kutupa hitilafu, kwa sababu mtu bado anaweza kulielewa swali lenye herufi moja iliyoharibika. Kwa majibu ni kinyume chake: yageuze UTF-8 bila kurekebisha chochote, kisha hesabu urefu kwa baiti. Anayehesabu herufi hukata nywila ya mtu mwenye é ndani yake, naye atalaumu kibodi.

GIL. Mtu anapofikiri nywila yake, thredi nyingine za Python hazina sababu ya kusimama. Kwa hiyo achilia GIL, yaani kufuli la Python linaloruhusu thredi moja tu kwa wakati, kabla ya kuita maktaba, na uichukue tena ndani ya kolbaki kabla ya kugusa kitu chochote cha Python. Kwa Cython, tangaza kolbaki kuwa `noexcept with gil` na uzungushie mwito wa maktaba `with nogil`. Kwa C tupu, ndani ya kolbaki ni `PyGILState_Ensure` na `PyGILState_Release`. Ukisahau nusu ya kwanza programu inaganda. Ukisahau nusu ya pili inakufa.

Hitilafu ya Python haina pa kutokea. Kolbaki ya libssh2 hairudishi kitu. Funksheni ya mtumiaji ikitupa hitilafu, au mtu akibonyeza Ctrl-C katikati ya nywila, huna njia ya kuiambia maktaba "simama". Ihifadhi hitilafu hiyo, rudi kwa utulivu, kisha itupe upya mara mwito mkuu unapomalizika. Kumbuka kwamba wakati huo maktaba itakuwa imetuma majibu matupu, na seva itahesabu jaribio lililoshindwa. Usipotaka hesabu hiyo, ifunge soketi ndani ya kolbaki kabla ya kurudi. Kwa Ctrl-C ndivyo ninavyopendekeza, maana aliyebonyeza alitaka kuondoka. Usiimeze hitilafu kimyakimya na kumwachia mtumiaji "nywila si sahihi", wakati kosa ni jina la kigeugeu lililoandikwa vibaya ndani ya funksheni yake.

Idadi ya majibu. Orodha iliyorudishwa ikiwa na majibu pungufu au ya ziada, tupa hitilafu yenye maneno wazi: "seva imeuliza maswali 2, nimepewa jibu 1". Usijaze pengo kwa kubahatisha. Orodha ikizidi na wewe ukaandika yote, umeandika nje ya eneo ulilopewa.

Uhai wa kolbaki. Kwa ctypes, kifaa kilichoundwa na `CFUNCTYPE` lazima kibaki kinashikiliwa na kitu fulani muda wote maktaba inapoweza kukiita. Python ikikikusanya kama taka, pointa inabaki ikielekea hewani. Kihifadhi ndani ya kifaa cha sesheni. Na katika hali isiyozuia, ambapo maktaba hurudisha `LIBSSH2_ERROR_EAGAIN` na wewe unaita tena, kishikilie mpaka upate jibu la mwisho. Muktadha wako upitishe kwenye ile pointa ya `abstract` ya sesheni. Kigeugeu cha jumla kitakusaliti siku mtu atakapofungua sesheni mbili kwa pamoja.

Neno moja kuhusu toleo. Mwezi Machi 2019 libssh2 1.8.1 ilitolewa kufunga mianya kadhaa, na miwili kati yake, CVE-2019-3856 na CVE-2019-3863, ilikuwa kwenye njia hii hii ya maswali: seva mbaya iliweza kusababisha kuandika nje ya memori. Viunganishi vyako vikikutana na toleo la zamani zaidi, vikatae kuendelea.

Na kama bado hujachagua maktaba? Itazame libssh pia, ambayo licha ya jina kufanana ni mradi mwingine. Yenyewe haina kolbaki hapa: unaita `ssh_userauth_kbdint`, ikirudisha `SSH_AUTH_INFO` unasoma maswali, unaweka majibu, unaita tena. Kwa mwandishi wa viunganishi huo ni mzunguko wa kawaida, na nusu ya mitego niliyoitaja inatoweka.

## Mkato wa nywila moja, kwa masharti

Watu wataudai, na wana haki. Si kila skripti ina mtu mbele yake. Curl inapotumia libssh2 hufanya hivi: swali likiwa moja tu, hujibu kwa nywila iliyopewa. Ni kanuni nzuri ya kuanzia, ila mimi ningeongeza masharti:

1. Jibu kwa nywila pale tu swali ni moja na bendera yake inasema herufi zisionekane.
2. Fanya hivyo mara moja tu kwa jaribio. Raundi ya pili ikiwa na swali, ipelekee funksheni ya mtumiaji, au tupa hitilafu kama hakuna.
3. Raundi ya maswali sifuri isihesabiwe.

Kwa nini mara moja? Kwa sababu raundi ya pili huenda ikawa ya namba ya uthibitisho, na utaituma nywila kwenye sanduku lisilo lake. Mbaya zaidi, nywila ikiwa imekwisha muda wake, seva itauliza ya sasa, kisha mpya, kisha mpya tena, na skripti yako itajibu nywila ya zamani mara tatu huku mtumiaji akisubiri bila kujua kinachoendelea.

Na usijaribu kulitambua swali kwa maneno yake. Nimeona msimbo unaotafuta "password" ndani ya swali, halafu ukaongezewa "Password", halafu "passcode". Maneno hayo huandikwa na msimamizi wa seva au moduli ya PAM, yanaweza kubadilika kesho, na yanaweza kuwa kwa Kifaransa. Viunganishi ni tarishi, na tarishi hafungui barua.

## Saa inakimbia

Kwa chaguo-msingi OpenSSH humpa mtu sekunde 120 kukamilisha kuingia, na majaribio 6 kwa muunganisho. Namba za uthibitisho zinazotolewa na programu ya simu kwa kawaida hubadilika kila sekunde 30. Namba ikija kwa SMS na mtandao ukisuasua, sekunde 120 si nyingi.

Paramiko ina mtego wake: `auth_timeout` ni sekunde 30 kwa chaguo-msingi, na saa hiyo inaendelea kuhesabu wakati mtu anatafuta simu yake mfukoni. Akichelewa, anapata hitilafu ya uthibitishaji kana kwamba alikosea. Iongeze. Katika viunganishi vyako, tofautisha waziwazi hitilafu tatu: seva imekataa jibu, muda umekwisha, na muunganisho umekatika. Ukizichanganya kwenye jina moja utaulizwa maswali ya bure mwaka mzima.

## Pasipo na mtu

Skripti ya cron haina terminali. Usiiache ikisubiri jibu ambalo halitakuja. Kuangalia `sys.stdin.isatty()` husaidia, ila hakutoshi, kwa sababu kwenye Unix `getpass` hujaribu kwanza `/dev/tty`, na mtu anaweza kuwa amepitisha faili kwenye stdin huku yeye mwenyewe yuko mbele ya kibodi. Kipimo cha uhakika zaidi ni kujaribu kufungua `/dev/tty`. Ikishindikana, na hakuna funksheni iliyotolewa, tupa hitilafu papo hapo. Pia usilipuuze onyo la `GetPassWarning`: maana yake `getpass` imeshindwa kuzuia herufi zisionekane.

Hapa wengine huniambia, "Basi nitumie funguo tu, niachane na yote haya." Kwa kazi za usiku zisizo na mtu, ndiyo, tumia ufunguo, tena wenye ruhusa finyu. Lakini kuna seva zinazodai vyote viwili: zimeandikwa `AuthenticationMethods publickey,keyboard-interactive`, ufunguo ukipita maswali yanafuata. Seva hujibu kwamba umefaulu nusu na kutaja njia zilizobaki. Viunganishi vyako visiripoti hilo kama kushindwa; viirudishe orodha ya njia zilizobaki, kama ifanyavyo `auth_publickey` ya Paramiko.

## Maonyo yasiyojadiliwa

- Thibitisha ufunguo wa seva kabla ya swali la kwanza. Libssh2 haikufanyii kazi hiyo yenyewe. Baada ya `libssh2_session_handshake` ni juu yako kuita `libssh2_knownhost_check` au mfano wake. Asiyethibitisha anamkabidhi nywila yeyote aliyeketi katikati ya njia.
- Nywila isipite kwenye hoja za mstari wa amri. Amri ya `ps` huionyesha kwa kila aliye kwenye mashine hiyo.
- Majibu yasiingie kwenye logi, hata kwenye hali ya kutafuta kasoro. Maswali yanaweza kuandikwa.
- Ondoa `\n` mwishoni mwa jibu lililosomwa kutoka faili. Usiondoe nafasi, maana inaweza kuwa sehemu ya nywila.
- Usiahidi kufuta nywila kwenye memori ya Python. Maandishi ya `str` hayabadiliki, kwa hiyo huwezi kuyafuta kwa hakika. Futa nakala uliyoitenga upande wa C pale unapoimiliki, na useme ukweli kwenye maelezo ya maktaba kuhusu iliyobaki.

## Majaribio manne kabla ya kutoa toleo

Jaribu kwenye seva halisi, kwani seva ya kuigiza huwa na adabu kuliko ile ya kazini. Anzisha sshd ya pembeni kwenye mashine pepe ya Linux ikiwa na `Port 2222`, `PasswordAuthentication no`, `KbdInteractiveAuthentication yes` na `UsePAM yes`, kisha unda mtumiaji wa majaribio.

1. Nywila sahihi. Lazima upite, ikiwemo raundi ya maswali sifuri.
2. Nywila yenye herufi zisizo za ASCII, pamoja na nafasi mwishoni.
3. Nywila iliyokwisha muda. Amri ya `chage -d 0 mtumiaji` itailazimisha seva kudai nywila mpya, nawe utapata raundi kadhaa za maswali bila kutafuta seva maalumu.
4. Funksheni inayotupa hitilafu, na nyingine inayorudisha majibu pungufu. Angalia hitilafu inayomfikia mtumiaji ni ile ile, na thredi ya pembeni inaendelea kufanya kazi wakati wote wa kusubiri.

Lile la tatu ndilo viunganishi vingi nilivyoviona hufeli, na ndilo litakalompata mtumiaji wako siku ambayo nywila yake itaisha muda na ana kazi ya haraka. Toleo lisilopita yote manne liache kwenye tawi lako.